Nani Atausoma? Dokezo la Historia ya Uhakiki wa Miongozo ya Kompyuta

Yeyote aliyepata kuwapelekea wenzake mwongozo wa programu wenye mamia ya kurasa anayajua majibu yake: wengi hukaa kimya, na wachache husahihisha alama za uakifishi katika kurasa za mwanzo. Si uvivu. Kwa maoni yangu, tatizo limo katika namna ya kuomba.

Sisi wa taaluma ya Kiswahili tumerithi namna moja. Kamati ya Lugha, iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, ilipokea miswada, ikaipitia, kisha ikaidhinisha lugha yake. Utaratibu huo ulikifaa kitabu, kwa kuwa kitabu kikishachapwa hutulia. Mwongozo wa programu hautulii. Programu ikibadilika leo, ukurasa ulioidhinishwa jana unapotosha.

Huko New Jersey, Marekani, katika maabara za Bell, ilijitokeza njia nyingine. Tarehe 3 Novemba 1971 Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa mwongozo wa kwanza wa Unix. Kila amri ilikuwa na maelezo yake mafupi yaliyojitegemea. Mwishoni palitajwa mambo mawili ambayo mwandishi wa kawaida angeyaficha: hitilafu zinazojulikana, na mtu wa kuulizwa mambo yakikwama. Ukurasa unaokiri upungufu wake humruhusu msomaji kutaja upungufu mwingine bila kuonekana mjuaji (na katika idara zetu, ambamo kijana huona taabu kumsahihisha profesa wake, ruhusa hiyo si jambo dogo). Douglas McIlroy, mkuu wa idara yao, alishikilia kwamba mwongozo uwe wa kiwango cha juu, na ilitokea programu ikaandikwa upya kwa sababu maelezo yake yaliaibisha. Hivyo uhakiki wa maneno ukawa uhakiki wa kitu chenyewe.

Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, mijadala yetu mingi kuhusu kompyuta imekuwa ya istilahi: neno lipi lisimame mahali pa lipi. Wanaosoma maelezo huku vidole viko kwenye kibodi, wakijaribu kila hatua, ni wachache. Mimi ningempelekea mwenzangu ukurasa mmoja tu, wa amri anayoitumia kila siku, wenye jina langu na mashaka yangu chini yake, nikamwomba anijibu kabla ya Ijumaa.