Mshauri na Neno Lake

Mtu atumwaye ugenini na dola yake hutakiwa aone na aeleze. Aketiye karibu na watawala wake hutakiwa ashauri. Kazi ya kwanza yataka macho, ya pili yataka ulimi. George Kennan wa Marekani alizifanya zote mbili, na maisha yake yatufundisha ipi kati ya hizo ina hatari zaidi.

Alizaliwa Milwaukee mwaka 1904. Alijifunza Kirusi mjini Berlin, na mwaka 1933 alifuatana na balozi William Bullitt kwenda kufungua ubalozi Moscow. Aliichunguza nchi ile kwa lugha yake na vitabu vyake. Tarehe 22 Februari 1946, balozi hayupo na kazi imo mikononi mwake, alipeleka Washington simu ndefu ya maandishi kueleza tabia ya utawala wa Stalin. Wakubwa waliisoma, wakaisomesha wengine. Na mtumishi aliyekuwa hajulikani akawa mtu wa kutafutwa.

Mwaka 1947 Waziri Marshall alimweka kuongoza ofisi mpya ya kufikiri na kupanga mambo ya nchi za nje. Hapo alishiriki katika kutunga mpango wa kuziinua nchi za Ulaya zilizovunjwa na vita. Julai mwaka ule ilitoka makala yake, imetiwa herufi X mahali pa jina, ikishauri kwamba kuenea kwa nguvu za Urusi kuzuiwe kwa subira, uimara na uangalifu.

Kuzuia kwa nini? Yeye alikusudia hasa siasa na uchumi: mataifa yenye chakula na matumaini hayatekwi upesi. Wengine walisikia mizinga. Kennan alikuwa na shaka juu ya mapatano ya kijeshi ya mwaka 1949, lakini shaka yake haikusikilizwa. Paul Nitze alishika nafasi yake mwaka 1950, na silaha zikawa ndiyo tafsiri ya neno lile. Insafu yataka tuseme kwamba lawama nyingine ilikuwa yake mwenyewe, kwa kuwa hakulieleza wazi neno lake lilipokuwa bado mkononi.

Ulimi ulimponza tena. Mwaka 1952, akiwa balozi Moscow, alifika Berlin akafananisha maisha yake kule na siku alizofungiwa na Wanazi. Warusi wakakataa arudi.

Baadaye alikaa Princeton akiandika historia. Mwaka 1966 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti, akashauri vita vya Vietnam visipanuliwe. Wengi walimsikiliza, vita vikaendelea. Alifariki mwaka 2005, umri wake miaka 101, akiwa ametumia sehemu kubwa ya umri huo kusahihisha neno moja.

Maji yakimwagika hayazoleki. Basi mshauri na apime neno lake kabla ya kulitoa, maana likishapokewa na wenye nguvu, wao ndio watakaolipa maana.