Reflect Haiulizi Nani Ana Haki



Juzi niliua timu yangu mwenyewe na sitalaumu mtu. Nilikuwa kwenye Final Fantasy IV, ile gemu ya 1991, naicheza kwa simu usiku hapa hostelini Kabianga, mvua inapiga mabati vile hupiga. Nilikuwa nimefika kwa Asura. Kama humjui, Asura ni bosi mwenye nyuso tatu, anapiga kwa mikono na anajiponya mwenyewe. Mimi nikajiona mjanja. Nikawawekea watu wangu Reflect wote, ile hali ambayo uchawi ukikurushiwa unarudi. Sasa nani atanigusa?

Mikono yake ilinigusa vizuri sana, kwa sababu ngumi si uchawi. Damu ikashuka, nikamrushia shujaa wangu uponyaji. Uponyaji ukafika kwake, ukagonga ile ngao, ukaruka ukaenda kumponya Asura. Nikarudia nikidhani nimebonyeza vibaya. Asura akapona tena. Roomie wangu, aliyekuwa amelala kitanda cha juu akiangalia kioo changu, akacheka mpaka kitanda kikalia.

"Buda, hiyo Reflect umeweka mahali sio," akasema. "Mwekee yeye."

Nikamwekea Asura. Akajirushia uponyaji wake, ukamruka, ukatuponya sisi. Nilikaa nikiangalia hiyo kitu kama mtu ameona maji yakipanda mlima. Tangu hiyo usiku nimekuwa nikisoma historia ya huu mchezo wa kurudisha uchawi, na imenipeleka mpaka mahali sikutarajia, karibu kabisa na hapa ninapolala.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya gemu za skrini kulikuwa na Dungeons & Dragons, gemu ya meza, karatasi na dadu. Mwaka 1979 Gary Gygax alitoa kitabu cha kuongoza mchezo, na ndani yake kuna pete ya kurudisha uchawi. Ukiivaa, mtu akikurushia uchawi unaweza kumrudia. Wachezaji wakaanza kuuliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la tano angeuliza: je, wawili wote wakiwa na ngao ya aina hiyo? Unarudi, unarudishwa, unarudi tena, mpaka lini? Toleo la tatu la mchezo huo, la mwaka 2000, lina jibu zuri la kihasibu. Unatupa dadu ya mia. Ukipata 1 mpaka 70, uchawi unafifia tu. Ukipata 71 mpaka 80, unawapiga nyote wawili. Ukipata 81 mpaka 97, ngao zote mbili zinazima kwa dakika chache. Na ukipata 98 mpaka 100, ufa unafunguka na nyote wawili mnamezwa kwenda ulimwengu mwingine. Mimi napenda hiyo ya mwisho. Mnagombana mpaka mnapotea wote.

Wajapani wakaleta hiyo kitu kwenye skrini. Dragon Quest III ya 1988 ilikuwa na uchawi wa kurudisha, Mahokanta. Halafu Final Fantasy wakaifanya kuwa sayansi. Kwenye Final Fantasy V, 1992, kuna kamnyama kanaitwa Carbuncle, kana jiwe jekundu kwenye paji la uso. Ukikaita, timu yako yote inapata Reflect mara moja. Final Fantasy VII ya 1997 ikaweka hesabu: ngao inarudisha mara nne kisha inaisha. Na karibu zote zina sheria moja ambayo ndiyo inaokoa kompyuta isiingie wazimu: uchawi uliokwisha kurudishwa hauwezi kurudishwa tena. Unaruka mara moja tu.

Hiyo sheria ndogo ikazaa ujanja mkubwa. Adui ana Reflect? Weka Reflect kwa mtu wako mwenyewe, halafu mpige mtu wako kwa moto. Moto unaruka kutoka kwake, unaenda kwa adui, na ngao ya adui haiwezi kuuzuia kwa sababu umesharuka. Unampiga rafiki ili umfikie adui. (Pokémon nao wana kitu kinaitwa Reflect ambacho hakirudishi chochote, kinapunguza tu maumivu ya ngumi. Kinachorudisha kwao ni Magic Coat, na baadaye Magic Bounce ya 2010. Msiniulize nani aliwapa majina.)

Lakini kitu kilinikaa kichwani ni kwamba Reflect ni kipofu. Haiulizi nani amerusha wala kwa nini. Moto wa adui unarudi, dawa ya rafiki inarudi. Haijui tofauti.

Nilipoenda nyumbani wikendi nilimweleza gogo. Gogo yangu hajawahi kushika gemu, lakini ukimpa stori ya laana anaacha chai ipoe. Nikamwambia, gogo, kuna mchezo ambapo ukimtupia mtu ubaya, unakurudia. Akaniuliza, "Alikuwa amekosa?"

Nikasema sijui, gogo, ni mchezo.

"Sasa itarudi namna gani kama hujui alikosa ama hakukosa?"

Akanieleza vile yeye alilelewa. Laana kwetu Wakipsigis si jiwe ambalo kila mtu anaweza kuokota na kurusha. Ina nguvu ikiwa mtu amekosewa kweli. Mzazi aliyepigwa na mtoto wake, mzee aliyenyang'anywa: huyo akinena, inashika. Lakini ukimlaani mtu ambaye hajakukosea, haina pa kukaa. Inazunguka, inarudi kwako, na ikikosa wewe inatafuta watoto wako. Ndiyo maana watu wazima wa zamani waliogopa kufungua mdomo ovyo. Na muma, kiapo, kilikwenda hivyo hivyo: mkibishana na hakuna shahidi mnakula kiapo, na anayedanganya ndiye kitamla. Waswahili wana yao, mchimba kisima huingia mwenyewe. Ni wazo lile lile, ila gogo aliliweka kama mtu anayesoma sheria za mchezo.

Kwa hiyo hii ngao ya gogo ina akili kuliko ya Square. Haihitaji pete wala jiwe jekundu. Anayelindwa ni yule ambaye hajakosa, na hata hajui amelindwa.

Sasa ingieni na mimi kwa serikali ya kikoloni, kwa sababu nao waliandika sheria zao kuhusu mambo haya. Sheria ya Uchawi ya Kenya ilianza Novemba 1925 na tumeishi nayo tangu hapo kama Sura ya 67. Inamwadhibu mtu anayejidai ana nguvu za kichawi za kuwatisha wengine. Angalia hilo neno, kujidai. Yaani mzungu anasema hakuna kitu hapo, ni maigizo. Na kuna kifungu kingine ambacho mimi nakiita Reflect ya serikali: ukimtuhumu mtu kuwa mchawi mbele za watu, badala ya kupeleka habari kwa chifu, polisi au afisa wa serikali, wewe mwenye kutuhumu ndiye una kesi. Tuhuma imekurudia.

Sawa. Miaka tisa baadaye, 1934, serikali hiyo hiyo iliyosema ni maigizo ikapitisha sheria nyingine kwa ajili ya ukoo mmoja peke yake. Laibons Removal Ordinance. "Laibon" ni neno la Wamaasai. Sisi na Wanandi tunasema orkoiyot, na ukoo wenyewe ni Talai. Hawa ndio waliombariki mtu kabla ya vita, walioulizwa kuhusu mvua na kesho. Waingereza walikuwa na historia nao. Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, alipigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905 na Richard Meinertzhagen kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Ndugu yake Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa huku kwetu kwa Wakipsigis, alihamishwa kwa nguvu 1914 pamoja na ndugu zake wawili. Na bado haikutosha. Ile sheria ya 1934 ilibeba ukoo mzima. Wazee, kina mama, watoto waliokuwa bado wanatambaa. Wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, Homa Bay ya leo, mahali pa mbung'o na malaria, watu waliozoea baridi ya Kericho. Waliporuhusiwa kurudi ilikuwa karibu na uhuru, na mashamba ya chai yalikuwa yamesimama miaka mingi. Wengi walirudi bila mahali pa kuweka jembe.

Mnaona shida ya hiyo sheria? Kama nguvu zao ni uongo, kwa nini uhamishe mtoto mchanga? Na kama ni za kweli, mtoto mchanga amekosa nini? Ukimuuliza gogo atakwambia hiyo laana haikuwa na pa kukaa.

Sasa nirudi kwa roomie. Nimeomba ruhusa yake kuandika hii sehemu, na akasema sawa bora nisiweke jina.

Yeye ni wa ukoo huo. Nilijua kabla sijamjua yeye, kwa sababu mwaka wa kwanza kuna msee alinivuta kando akaniambia, "Unajua unalala na nani? Usimkosee, itakurudia." Alikuwa anacheka. Kila mtu hucheka akisema hiyo. Lakini nilianza kutembea polepole. Akitumia chaja yangu sisemi. Tukibishana kuhusu mpira, nakubali haraka. Nilidhani hiyo ni heshima. Muhula wa pili akashikwa na homa mbaya, siku nne kitandani, na mimi nikahamia chumba cha wasee wengine nikasema naogopa kuambukizwa. Sikuogopa homa. Niliogopa nikimhudumia vibaya, ama nikisema neno baya nikiwa nimechoka, sijui nini kitanifuata. Nikamwacha.

Baadaye aliniambia kitu kimoja tu kuhusu hiyo wiki. Kwamba tangu akiwa mdogo hakuna mtu amewahi kumpiga shuleni. Hata mmoja. Na pia hakuna mtu aliwahi kumwalika nyumbani kwao kulala.

Hapo ndipo nilielewa uponyaji wangu ulivyoenda kwa Asura. Watu walimwekea ngao ambayo hakuiomba. Inazuia ngumi, na inazuia uji.

Wako wanaosema hii stori ya Talai ni ya zamani tuiache. Sikubaliani. Mwaka 2019 zaidi ya watu 100,000 wa Kipsigis na Talai walipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa kuhusu ardhi na uhamisho, na 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja huo wakaiandikia Uingereza wakionyesha wasiwasi wao. Agosti 2022 kesi ikapelekwa Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Hesabu mwenyewe: kutoka 1934 mpaka 2022 ni miaka 88. Kwenye gemu uchawi unarudi papo hapo na una rangi nzuri. Huku unarudi kwa bahasha, na wazee waliopelekwa Gwassi wakiwa watoto wanaendelea kufa mmoja mmoja.

Nikikutana na mtu anayetengeneza gemu Nairobi, na najua wako, nitamwomba kitu kimoja. Nitengenezee Reflect ya gogo. Kabla uchawi haujarudi, gemu iangalie nyuma: huyu alimwibia yule? Alimdanganya? Iweke kumbukumbu ya kila kitu nilichofanya tangu kijiji cha kwanza, hata ile mitungi ya watu niliyovunja nikitafuta pesa. Najua ni kazi ngumu. Kuandika "rudisha kila kitu" ni mstari mmoja, kuandika haki ni mistari elfu. Lakini ningenunua siku ya kwanza, na mimi sinunuagi gemu.

Kuna jambo moja la mwisho kuhusu sheria za Reflect, na nililijua tu kwa sababu roomie alinionyesha. Inarudisha uchawi. Vitu vya mkononi hairudishi. Ile chupa ndogo ya dawa unayobeba kwenye mfuko, potion, ukimpa mtu mwenye ngao inapita moja kwa moja. Lazima tu umfikie.

Wikendi hii tunaenda kwetu pamoja. Nilimwambia gogo nakuja na mgeni, akauliza ni wa ukoo gani, nikamwambia. Akanyamaza kidogo kwenye simu. Halafu akauliza kama anakunywa mursik ama amezoea maziwa ya pakiti kama mimi.