Mwalimu na moyo wa mtoto: alama inayofika mpaka ukubwani

Kambi ya Lusenda, pembeni ya ziwa Tanganyika katika teritware ya Fizi, ilifunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa kwao. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka ule alifikisha miaka sita, umri wa kuanza primeri, mwaka 2021. Kuna waliofika mgongoni mwa mama, na kuna waliofika mkononi mwa shangazi ao jirani, sababu wazazi walipotezana nao njiani. Watoto wenyeji wa Fizi nao wamekimbia vita, wengine zaidi ya mara moja. Kwa wengi wao, mtu mkubwa wa kwanza wanayemzoea nje ya nyumba ni mwalimu. Je, namna anavyowapokea inaweza kuwafuata mpaka wakiwa watu wazima?

Utafiti ulioanzia karibu na Kampala

Wanasaikolojia wanaita jambo hili mshikamano: namna mtoto anavyojishikiza kwa mtu mkubwa anayemtuliza wakati wa woga. Mwingereza John Bowlby ndiye aliyeweka msingi wa wazo hilo. Lakini mmoja wa uchunguzi wa kwanza ulifanyika hapa kwetu Afrika, katika vijiji vya karibu na Kampala, miaka ya 1954 na 1955. Mary Ainsworth alitembelea nyumbani akina mama 26 na watoto wao wachanga 28, akarudi tena na tena kwa miezi mingi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967.

Aliona kwamba mtoto mwenye kumwamini mama yake anatambaa mbali, anachezea vitu, kisha anarudi kumgusa na kuondoka tena. Mwenye mashaka analia sana na haendi mbali. Ainsworth aliona jambo lingine pia: akina mama waliokuwa na mengi ya kueleza juu ya watoto wao, wanachopenda, kinachowaliza, ndio waliokuwa na watoto watulivu zaidi. Kumjua mtoto kwa undani kulienda pamoja na utulivu wake.

Kutoka utotoni mpaka ndoa

Mwaka 1987, Cindy Hazan na Phillip Shaver walichapisha Marekani uchunguzi juu ya watu wazima na mapenzi. Walikuta makundi matatu yanayofanana na yale ya watoto. Zaidi kidogo ya nusu walikuwa wenye kuamini: wanakaribia mwenzao bila hofu. Wengine walikuwa wenye kujiweka mbali: hawapendi kumtegemea mtu. Wa tatu walikuwa wenye wasiwasi: kila siku wanaogopa kuachwa.

Hapa inafaa kuelewa vizuri. Mtoto aliyeteseka hakuandikiwa kuteseka siku zote. Uhusiano kati ya utoto na ukubwa upo, lakini si mnyororo wa chuma. Mtu anaweza kubadilika akipata wengine wa kuaminika, na hapo ndipo mwalimu anapoingia.

Mwalimu anaweza kitu gani?

Robert Pianta wa Marekani anapima uhusiano wa mwalimu na mtoto kwa mambo matatu: ukaribu, ugomvi, na mtoto kumng'ang'ania mwalimu kupita kiasi. Mwaka 2001, yeye na Bridget Hamre walitangaza matokeo ya watoto 179 waliofuatwa tangu shule ya watoto wadogo mpaka mwaka wa nane. Wale walioanza kwa ugomvi na mwalimu, ao kwa kumng'ang'ania, walionekana kuwa na matatizo zaidi ya masomo na tabia miaka mingi baadaye.

Kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto waliozaliwa mwaka 1955 mpaka ukubwani. Kati ya waliokulia katika shida nyingi, karibu mmoja kwa watatu alikua mtu imara. Wengi wao walikuwa na mtu mkubwa wa kuwaunga mkono nje ya wazazi, na mara nyingi walimtaja mwalimu.

Ndani ya darasa lililojaa

Tangu Serikali ya Kongo ilipotangaza masomo ya primeri kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi. Walimu wengi nao wanafundisha bila kuwa kwenye orodha ya malipo ya Serikali. Kumwomba mwalimu wa namna hiyo awe mzazi wa pili kwa kila mtoto ni kumbebesha mzigo usiobebeka.

Lakini mengi kati ya mambo haya hayaombi mafranga. Kumwita mtoto kwa jina lake, si «wewe wa nyuma pale». Kuuliza sababu mtoto ambaye hakuja jana, mbele ya kumwazibu. Kuweka sheria zilezile leo na kesho, kusudi ajue kinachomngoja. Kuacha fimbo, sababu mtoto aliyeona vita anapopigwa darasani anajifunza kwamba pale nako hakuna usalama. Na mtoto mkimya sana asisahauliwe: mara nyingi anasifiwa kwa adabu, kumbe amejifungia.

Wazazi na walezi nao wana sehemu yao. Mwalimu hawezi kujua kwamba mtoto halali usiku, ao kwamba baba hajulikani aliko, kama hakuna aliyemwambia.

Tena kuna siku ya kuondoka. Walimu wanahamishwa, wengine wanaacha kazi. Kwa mtoto ambaye watu wake walipotea bila neno, mwalimu anayesema mapema kwamba ataondoka, akaeleza sababu na kumtaja atakayemrizi, anamwonyesha kwamba mtu anaweza kwenda bila kumtupa.