Sadaka Iliyotosha: Upatanisho na Ondoleo la Dhambi katika Historia ya Kanisa Letu

Usharika unapotimiza miaka mia moja ni desturi njema kuhesabu. Tunahesabu wachungaji na wainjilisti waliotutumikia, watoto waliobatizwa, vijana waliobarikiwa, na majengo yaliyoinuliwa kwa mawe ya mtoni na kwa jasho la wazee wetu. Yote hayo yana mahali pake katika kitabu hiki. Hata hivyo liko jambo moja ambalo haliingii katika hesabu, nalo ndilo lililowafanya mababu zetu waliache shamba siku ya Jumapili na kwenda kuketi chini ya mti kumsikiliza mgeni: ile habari kwamba dhambi za mwanadamu husamehewa, na kwamba gharama ya msamaha huo imekwisha kulipwa na mwingine. Makala hii inakusudia kueleza jinsi habari hiyo ilivyofika katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ilivyoeleweka, na jinsi ilivyojaribiwa na mambo yaliyotendeka katika nchi yetu.

Madhabahu kabla ya wamisionari

Si kweli kwamba watu wetu hawakujua sadaka kabla ya kuja kwa wamisionari wa Leipzig mwaka 1893. Wachaga walimjua Ruwa na kumwomba, na walichinja mbuzi na ng'ombe kwa ajili ya wazee waliotangulia pale ugonjwa au ukame ulipoingia nyumbani. Walijua pia kwamba kosa haliishi kwa maneno matupu. Mtu aliyemkosea ndugu yake alichukua jani la isale, ule mmea uleule unaopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, akamwendea au akamtuma mzee aende kwa niaba yake. Aliyeletewa isale aliona vigumu mno kukataa. Baada ya hapo mnyama alichinjwa, na waliokuwa wamegombana wakala nyama pamoja.

Tuone hekima iliyomo humo. Mmea mmoja ulisimama mpakani kusema hapa ni kwangu na pale ni kwako, na mmea huohuo ulipovukishwa mpaka ukasema tusameheane. Mababu walijua kwamba uhusiano uliovunjika hauponi wenyewe, kwamba apatanishwaye huhitaji mpatanishi, na kwamba upatanisho una gharama. Ndiyo maana mahubiri juu ya msalaba hayakuwa mageni kabisa masikioni mwao. Bruno Gutmann, mmisionari aliyefanya kazi Kilimanjaro kwa vipindi kati ya mwaka 1902 na 1938, na hasa huko Moshi ya Kale, alisisitiza kwamba Injili haikuja kuvunja ukoo, ujirani na rika, bali kuvitia katika utumishi wa Kristo.

Lakini palikuwa na tofauti kubwa. Katika desturi za kale mwenye kosa ndiye aliyetafuta mnyama. Kila shida ilidai sadaka nyingine, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwamba iliyotolewa jana imetosha. Injili ilileta neno jipya kabisa: aliyekosewa, yaani Mungu mwenyewe, ndiye aliyeitoa sadaka, na aliitoa mara moja tu.

Kutoka Walawi hadi Waebrania

Msingi wa neno hilo umo katika Maandiko. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 16, kinaeleza Siku ya Upatanisho. Kuhani Mkuu alianza kwa kumchinja ng'ombe kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake, maana hata yeye hakuwa safi. Kisha waliletwa mbuzi wawili. Mmoja alichinjwa, na damu yake ikanyunyizwa mbele ya kiti cha rehema. Juu ya kichwa cha wa pili kuhani aliweka mikono, akaungama dhambi za taifa zima, na mbuzi huyo akapelekwa jangwani asirudi tena. Mmoja alionyesha kwamba dhambi ina gharama ya uhai. Mwingine alionyesha kwamba dhambi iliyosamehewa huondolewa ikaenda mbali.

Lugha yetu yenyewe imetunza kumbukumbu ya jambo hili. Neno kafara, lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, lina shina moja na neno la Kiebrania linaloitaja siku hiyo. Ni huzuni kwamba katika mazungumzo ya mitaani kafara limekuwa neno la kutisha, likihusishwa na ushirikina na utajiri wa haraka. Huenda ni kwa sababu hiyo Kanisa limependelea neno upatanisho, ambalo linatuelekeza kwenye kusudi la sadaka: wawili waliofarakana wawe kitu kimoja.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura za 9 na 10, anajenga hoja nyepesi kueleweka. Kama sadaka zile zingetosha, zingekoma. Kurudiwa kwake kila mwaka kulikuwa ushahidi kwamba bado kazi haijakwisha. Kristo alijitoa nafsi yake mara moja, akiwa yeye mwenyewe kuhani na yeye mwenyewe sadaka. Baada ya hapo hapana madhabahu nyingine inayodai damu.

Kanisa limetafakari siri hiyo kwa njia mbalimbali. Anselm, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1098, aliieleza kama deni ambalo mwanadamu alipaswa kulilipa lakini Mungu peke yake aliweza. Abelard, karne iliyofuata, alisisitiza upendo unaoyeyusha moyo wa mwenye dhambi. Gustaf Aulén wa Sweden, mwaka 1930, aliwakumbusha Walutheri kwamba Kanisa la kwanza liliutazama msalaba kama ushindi dhidi ya dhambi, mauti na shetani. Kwetu sisi, ambao wazee wetu waliishi wakiogopa uchawi na laana, neno hilo la ushindi lina uzito wa pekee.

Akeri, 1896

Sasa hatuna budi kufika mahali ambapo historia yetu inatuuma. Mwezi Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili vijana, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri katika nchi ya Meru ili kuanzisha kazi. Wote wawili walitoka nchi za Baltiki, ambazo wakati ule zilikuwa chini ya Urusi. Karibu nao alikuwa amepiga kambi Kapteni Johannes wa jeshi la Kijerumani. Usiku wa kuamkia tarehe 20 wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru waliwashambulia, na wamisionari hao wakauawa pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao.

Kwa miaka mingi tumelisimulia tukio hili tukaishia hapo. Lakini halikuishia hapo. Kapteni Johannes alirudi akiwa na askari pamoja na wapiganaji wengi wa Kichaga. Nyumba zilichomwa, mifugo ikatekwa, na watu wengi wa Meru na Arusha wakauawa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine wa Kilimanjaro, Meru na Arusha. Damu ya wawili ilidaiwa kwa damu ya wengi, na majina ya hao wengi hayakuandikwa katika kitabu chochote cha usharika.

Baadhi ya wasimulizi wamezoea kusema kwamba damu ya wamisionari wale ndiyo iliyoinunua Meru kwa ajili ya Injili. Nia ya usemi huo ni njema, maana unakusudia kuwaheshimu waliokufa wakiwa katika utumishi. Lakini mafundisho yetu hayaturuhusu kuusema bila kujihadhari. Kifo cha mwaminifu ni ushuhuda, si upatanisho. Kama damu ya Ovir na Segebrock ingekuwa ndiyo iliyopatanisha, basi tungelazimika kuuliza ile ya Wameru na Waarusha ilikuwa ya nini, na swali hilo lingetufikisha kwenye hesabu ya visasi isiyo na mwisho. Msalaba wa Kristo ulisimamishwa ili hesabu hiyo ifungwe. Wala Ovir na Segebrock wala wale waliouawa baada yao hawakuwa kafara ya nchi hii. Wote ni watu ambao Kristo alikufa kwa ajili yao.

Miaka sita baada ya Akeri, mwaka 1902, kituo cha misioni kilifunguliwa Nkoaranga, na mwaka 1904 kingine huko Ilboru kwa Waarusha. Tafakari, ndugu msomaji, maana ya jambo hilo. Misioni ile ilirudi kwa watu waliowaua watumishi wake; na watu ambao nyumba zao zilichomwa na watu wa taifa la wamisionari walikubali kuketi na kulisikiliza neno la msamaha kutoka vinywani mwao. Ni vigumu kusema ni upande upi uliohitaji neema zaidi. Kanisa la kaskazini limejengwa juu ya kusikilizana huko.

Tunu, si malipo

Ungamo la Augsburg la tarehe 25 Juni 1530, katika Makala ya IV, linafundisha kwamba mwanadamu huhesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa njia ya imani. Philip Melanchthon, alipoandika Utetezi wa Ungamo hilo, alizitofautisha sadaka za aina mbili. Ya kwanza ni sadaka ya upatanisho, nayo ni moja tu, kifo cha Kristo. Ya pili ni sadaka ya shukrani, nazo ni nyingi: sala, nyimbo, mateso yanayovumiliwa kwa imani, matendo ya huruma, na mali tunayoileta mbele za Mungu.

Tofauti hii ni ya lazima kwetu leo, kwa kuwa neno letu sadaka hubeba maana zote mbili. Mama anapoleta mkungu wa ndizi siku ya mavuno, na waumini wakaununua kwa mnada kwa bei inayozidi ile ya sokoni mara nyingi, hiyo ni shukrani, na ni furaha ya Kanisa. Lakini mtu akifundishwa kwamba akitoa zaidi atasamehewa zaidi, au kwamba Mungu amemfungia baraka mpaka bahasha ijae, hapo tumerudi kule ambako Johann Tetzel alikuwa anauza vyeti vya rehema, na ambako Martin Luther alikupinga kwa hoja zake 95 tarehe 31 Oktoba 1517. Maskini asiye na shilingi ya kutia kapuni anaondoka ibadani akiwa amesamehewa sawasawa na mfadhili aliyejenga mnara.

Waliosamehewa hawana budi kusamehe

Uamsho ulioenea Afrika Mashariki kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, uliwafundisha Walutheri wa Tanzania kuisema toba kwa sauti. Watu waliungama waziwazi, wakarudisha walivyoiba, wakaenda kwa majirani waliowachukia. Josiah Kibira, mtoto wa Uamsho wa Bukoba, aliyekuja kuwa Askofu na Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia mwaka 1977 hadi 1984, ni tunda la miaka hiyo. Uamsho ulikuwa na hatari zake pia, kwa maana wengine walianza kuwapima wenzao kwa wingi wa machozi. Lakini ulitukumbusha kwamba upatanisho na Mungu usiofika mlangoni kwa jirani una kasoro.

Kasoro hiyo tumeiona kwa macho yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mgogoro wa kuundwa kwa dayosisi huko Meru, waumini waliobatizwa katika ungamo moja na kushiriki kikombe kimoja waligawanyika. Mali ziliharibiwa na damu ikamwagika, na familia zikagawanyika. Hatuyaandiki haya ili kumhukumu yeyote. Tunayaandika kwa sababu kitabu cha miaka mia kinachotaja sherehe tu na kunyamazia majeraha kitakuwa kimeficha mahali hasa ambapo neema ilihitajika.

Makanisa na mataifa pia hujifunza kuomba msamaha. Mwaka 2010, huko Stuttgart, Shirikisho la Walutheri Duniani liliwaomba msamaha Wamenoni kwa mateso ambayo baba zao walitendewa katika karne ya 16; na Wamenoni hao ni jirani zetu, kwa kuwa kazi yao huko Mara ilianza mwaka 1934. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha mjini Songea kwa ukatili uliotendwa wakati wa vita vya Majimaji. Mwaka huohuo vipimo vya vinasaba viliyatambulisha baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa wakati wa ukoloni kuwa ya ndugu wa familia zinazoishi Kilimanjaro leo. Msamaha unapoombwa kwa ukweli, waliofichwa hupata majina tena.

Ondoleo la dhambi, basi, halifuti historia. Linatuwezesha kuisema yote bila kuogopa, kwa kuwa hatuhitaji kujihesabia haki. Usharika unaoingia karne ya pili utajenga mengine na utahesabu mengine. Lakini kila Jumapili, baada ya maungamo ya jumla, mchungaji anapotangaza ondoleo la dhambi, hapo ndipo lilipo hazina letu lote. Palepale, kabla hatujasogea kwenye meza ya Bwana, tumtazame aliyeketi karibu nasi, na kama liko neno kati yetu naye, tuvuke mpaka tukiwa na isale mkononi. Sadaka iliyotosha imekwisha kutolewa. Kwake aliyeitoa kuwe sifa na utukufu, sasa na hata milele. Amina.