Kindu: mafundi walioazimwa relini

Mpunga ulifika Maniema, mashariki mwa Kongo, kabla ya mashini yoyote. Ulikuja na waungwana, watu wa misafara ya pwani na wafuasi wao waliokita makazi Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Wabelgiji walipoiteka miji hiyo miwili mwaka 1893 waliwaondoa mabwana, mpunga wakaubakiza. Kulima kulikuwa kwa jembe na panga, kukoboa kwa kinu na mchi, na fundi pekee aliyehitajika alikuwa mhunzi.

Mafundi wa mashini walifika Kindu, mji wa Maniema, kwa shughuli isiyohusu shamba hata kidogo. Mwaka 1902 tajiri wa Kibelgiji, Baron Édouard Empain, aliunda kampuni ya reli iliyojulikana kwa herufi CFL ili kuunganisha mto Lualaba na Maziwa Makuu. Mto huo una maporomoko, kwa hiyo reli ilijengwa pale meli zinaposhindwa kupita: kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu, zilizofunguliwa 1906, kisha kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo miaka michache baadaye, na mwaka 1915 kipande cha Kabalo hadi Kalemie. Kindu ikawa kituo ambapo mzigo unashuka melini na kupanda garimoshi, hata Wabelgiji wakaiita Kindu-Port-Empain. Mji wa namna hiyo haukai siku moja bila mafundi. Boila zinavuja, ekseli zinakatika, meli zinakwama mchangani. Vijana wa Maniema wakajifunza kazi wakiwa wasaidizi, kwa macho na mikono. Michoro na mahesabu yalibaki kwa wazungu.

Shambani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilianzisha kilimo cha lazima, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za mwanzo kulimishwa pamba. Sheria iliruhusu hadi siku 60 za kazi hiyo kwa mwaka. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, zikafikishwa 120. Nani angenunua trekta wakati mkono wa mkulima unaamrishwa tu? Mashini ilianza kuonekana baada ya mavuno: kiwanda cha kuchambua pamba, mashini ya kukoboa mpunga uliokuwa ukilisha wafanyakazi wa reli na migodi. Jembe halikuguswa. Naona hapo ndipo mzizi wa uhaba wa mafundi wa shamba ulipo, maana mkoloni hakuwahi kuwa na sababu ya kumfundisha mtu kutengeneza zana za shamba.

Baadaye ikaja migodi ya bati. Kampuni ya Symétain, iliyoundwa 1932, ilijenga Kalima karibu kama mji kamili, wenye umeme wa maji wa Lutshurukuru, gereji na karakana zake. Kwa hiyo jimbo likawa na shule mbili kubwa za ufundi zisizoitwa shule, yaani reli na mgodi. Mwenye mashini ya mpunga iliyoharibika alimtafuta mtu wa huko, aje jioni baada ya zamu.

Shule hizo mbili zilivunjika polepole. Kindu ilishikwa na waasi wa Simba kuanzia Julai hadi Novemba 1964. Mwaka 1973 Rais Mobutu alitangaza kuwagawia Wazaire mali za wageni, na mashini nyingi nchini zikaangukia mikononi mwa watu waliotaka mapato yake bila kujua matunzo yake. Migodi iliunganishwa kuwa kampuni ya SOMINKI mwaka 1976. Soko la bati likaporomoka dunia nzima mwaka 1985, na kampuni ikafa katika miaka ya vita ya 1996 na 1997. Mwaka 1998 Kindu ikaingia mikononi mwa waasi wa RCD, treni zikakoma, na watu wakashindwa hata kufika mashambani kwa hofu ya wenye silaha. Treni zilirudi 2004. Mafundi waliobaki relini walikuwa wazee waliodai mishahara ya miezi mingi, na hakuna kijana anayevutwa na kazi ambayo mwalimu wake halipwi.

Tuitazame mashini ya mpunga yenyewe, kwa sababu watu huidharau. Ile ya aina ya Engelberg ina rola ya chuma yenye meno, kisu pembeni, na chekeche chini. Kisu kikisogezwa karibu mno, mchele unavunjikavunjika. Kikiachwa mbali, unatoka na maganda. Chekeche hutoboka, mkanda hulegea, na injini ya mazutu inayoizungusha haipendi uchafu. Mazutu ya bidoni yenye maji hula pampu na nozeli, na pampu haitengenezwi kwa nyundo. Anayetoka Alunguli na gunia la mpunga kwa mtumbwi kuvuka Lualaba hana haja na historia ya Empain. Anataka mchele usiovunjika.

Wafadhili na serikali hupenda kutoa mashini, kwa sababu mashini hupigwa picha. Mshahara wa fundi haupigwi picha. Hata fundi mzuri akipatikana, hesabu yenyewe inamkimbiza: mashini ya mpunga huharibika wakati wa mavuno, na mwenye mashini hulipa akishauza, ilhali pikipiki huharibika kila siku na dereva hulipa papo hapo. Dhahabu nayo ilivuta upande wake. Mgodi wa Namoya, kusini mwa jimbo, ulipoanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, ulihitaji watu wa kushughulikia mitambo mikubwa, na mkulima hana cha kushindana na mishahara ya mgodi. Ulisimama 2019.

Wamebaki vijana wa gereji za pikipiki. Wanajua kusikiliza injini na wana ujasiri wa kufungua chochote. Wanachokosa ni vipimo, vipuri, na mtu mzima wa kusimama nyuma yao, kama wale wasaidizi wa CFL walivyosimamiwa. Mavuno yakianza ndio wanaoitwa, nao huja na spana za pikipiki.