Msitu wa Pugu na Kuni za Shule

Nyumba yangu ipo Kinyerezi, juu ya mwinuko, na asubuhi baada ya mvua naviona vilima vya Pugu upande wa kusini-magharibi. Nilipopita hapa kwa mara ya kwanza, kijana niliyetoka chuo cha ualimu, palikuwa shamba: mikorosho, miembe na vijia vya miguu. Leo ni mji. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu wapatao 270,000. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani zaidi ya 5,380,000. Watu wote hao wanataka pa kulala na cha kupikia, na wengi wameelekeza macho vilimani kule.

Siku chache zilizopita mjukuu wangu alinijia na karatasi mkononi, uso umemchangamka. "Babu, nimepata kiwanja, na bei yake nafuu sana. Nyuma yake kuna miti mikubwa, upepo wake si wa kawaida."

Nikamwuliza, "Bikoni za msitu umeziona ziko upande gani?"

Akanyamaza. Dalali hakumwonyesha bikoni, na yeye alikwisha toa arubuni. Basi nikamwambia aketi barazani, nimsimulie habari ya msitu ule. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomwambia.

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, ni masalia ya msitu mkubwa wa asili uliotanda katika pwani yetu. Ni msitu wa kale, nao una mimea isiyoota mahali pengine duniani. Humo yumo pia komba mdogo sana, komba wa Rondo, ambaye wataalamu walimtambua kuwa jamii ya peke yake katika miaka ya 1990 tu. Wazaramo waliishi kando ya msitu huo, wakapata humo dawa na nguzo za nyumba, na wazee wao walikuwa na mahali pa matambiko ambapo shoka halikuingia.

Kisha wakaja wageni. Wamisionari Wabenediktini walijenga Pugu mwaka 1888, na Januari 1889, katika vita vya Abushiri, misheni yao ikavunjwa. Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam, ikapita vilima hivyo na kufika Morogoro mwaka 1907. Wakati wa Mwingereza misitu ile ilitengwa rasmi kuwa hifadhi ya serikali. Baadaye vilima vikachimbwa kaolini, ule udongo mweupe, na mapango yaliyobaki yakawa makazi ya popo. Ni Pugu hiyohiyo ambako Mwalimu Nyerere alisomesha hadi mwaka 1955, akishuka mjini, mara nyingine kwa miguu, kwa ajili ya mikutano ya TANU. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa kule ni porini pasipo historia.

Hapo nilinyamaza kidogo, maana sehemu iliyofuata sikuwahi kumwambia mtu wa nyumbani.

Katika miaka ya 1980 niliongoza shule ya bweni. Wanafunzi wanakula, na jiko la shule lilikuwa la kuni. Lori lilikuja alfajiri kabla ya jua, likashusha magogo manene, mengine yakitoa utomvu bado. Bei ilikuwa nafuu. Niliweka sahihi kwenye vocha mwaka baada ya mwaka, wala sikumwuliza dereva mzigo umetoka wapi. Sikuuliza kwa sababu nilijua. Na mchana wa siku hiyohiyo niliingia darasani kufundisha somo la kuhifadhi udongo. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na miongoni mwa waliobandua nilikuwamo.

Nikamwonyesha pia hasara iliyo karibu nasi. Mto Msimbazi unaanzia vilima vile vya Pugu, unashuka kupitia upande wetu huu mpaka Jangwani, na unaingia baharini Salenda. Kilima chenye msitu hunywa mvua na kuitoa kidogo kidogo. Kilima kipara huimwaga yote kwa saa moja. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na wengi wa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Simwambii mtu kwamba ni mkaa peke yake ulioleta maji yale. Tumejenga mabondeni na tumeziba mifereji pia. Lakini maji hayasahau yalikotoka.

Wenzetu wa Nairobi walipata kisa kama hiki. Msitu wa Karura, mali ya umma, uligawiwa kwa siri kwa wajenzi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti pale, wakapigwa mpaka damu ikawatoka. Msitu haukuuzwa ukaisha. Leo watu wa mji huo hutembea humo na watoto wao. Kwetu, mwaka 2020 Pugu na Kazimzumbwi zilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, zaidi ya hekta 7,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Tangazo la serikali ni jambo jema, ila tangazo halikeshi usiku msituni. Msitu wa umma hauna mwenyewe wa kulia ukikatwa, isipokuwa umma wenyewe ulie.

"Sasa Babu," mjukuu akasema, "wewe umekwisha jenga. Mimi nijenge wapi?"

Swali hilo ni la haki, na kizazi chetu hakina budi kulijibu kwa kitu, si kwa mawaidha. Kesho yake tulikwenda wote wawili. Bikoni tuliikuta imefunikwa na majani, na kiwanja kilikuwa upande wa msitu. Arubuni haikurudi. Tuliporudi nyumbani nilishika kamba, tukapima uwanja wangu wa nyuma, penye miembe miwili na banda la kuku. Nusu yake nimempa. Ni padogo kuliko alipopataka, na upepo wake ni wa kawaida tu.