Namna ya Kukisoma Kipande cha Bomu

Tangu mwishoni mwa 1953 hadi 1955, ndege kubwa za Lincoln, zenye injini nne kila moja, zilikuwa zikipaa kutoka kiwanja cha Jeshi la Anga la Uingereza kilichokuwa Eastleigh, kando ya mitaa ya Waafrika ya Pumwani, Shauri Moyo na Bahati, na kuelekea misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, walikokimbilia wapiganaji wa Mau Mau. Mitaa hiyo hiyo ndiyo iliyozingirwa na askari tarehe 24 Aprili 1954, katika msako ulioitwa Anvil, na habari za msako zimeenea mno katika simulizi za Nairobi, ilhali habari za mabomu hazitajwi ila kwa nadra.

Lincoln zilibeba mabomu ya ratili 500 na ya ratili 1000. Ndege ndogo za Harvard, zilizokuwa na kituo chao Mweiga, karibu na Nyeri, zilitupa mabomu ya ratili 20 yaliyokusudiwa kupasuka na kutawanya vigae vya chuma. Kwa hiyo kipande kikionekana ghalani, miongoni mwa vyuma chakavu, jambo la kwanza ni kuutazama ukingo wake: bomba lililokatwa kwa msumeno lina ukingo ulionyooka, bali ganda la bomu hupasuka kwa mshazari, likaacha meno makali yasiyolingana. Pili hupimwa upinde wake, maana kwa kipande kidogo cha duara hukadiriwa upana wa bomu zima. Tatu ni unene: mabomu ya Kiingereza ya ganda nene yalikuwa na baruti iliyokaribia theluthi ya uzito wake, na yale ya ganda jembamba takriban nusu. Kisha hutafutwa muhuri, hasa alama ya mshale ambayo Serikali ya Uingereza iliipiga juu ya mali zake.

Walakin dalili hizo zote hutaja aina ya bomu, wala hazitaji vita vyake. Waitalia waliishambulia Wajir na Malindi kwa ndege mwaka 1940, na huko Archers Post na Dol Dol silaha zilizoachwa baada ya mazoezi ya jeshi la Uingereza ziliwaua na kuwalemaza wafugaji, hata mwaka 2002 serikali ya nchi hiyo ikakubali kuwalipa fidia zaidi ya watu 200. Chuma cha Kiingereza chaweza kuwa cha Nyandarua, na chaweza kuwa cha mazoezi ya jana. Hukumu hutolewa na mahali kilipookotwa.

Na mahali ndipo panapopotea kwanza. Biashara ya skrepu huleta vyuma vya bara mpaka Gikomba na Kamukunji jijini Nairobi, vikauzwa kwa kilo, na mizani haiulizi asili. Anayeshuku kitu, asikigonge wala kukisugua, kwani kiwashio kilichobaki kinaweza kuwa kizima; awaite polisi, na amwulize aliyekileta alikitoa msitu gani na mwaka gani, ayaandike majibu kabla mletaji hajaenda zake, kwa kuwa unene na muhuri vyaweza kupimwa hata baada ya miaka hamsini, lakini jibu hilo halipatikani tena.